Mia na Kumi Juu ya Sabini

Kila mtu anayekuja kumwona mtoto ananiambia nimshukuru Mungu. Nimemshukuru, jamani. Nimemshukuru kwa Kikuria, kwa Kiswahili, na kwa Kijaluo kibovu ninachokijua. Mungu na mimi hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na kalamu ya biki, na naomba mtu asinitulize mpaka nimalize kusema.

Jina langu ni Robi. Ni fundi wa cherehani, nimezaliwa upande wa Kuria na nimeolewa na Ouma, mtu wa Ndhiwa. Tunaishi mjini Migori, yeye anatengeneza pikipiki na mimi nashona sare za shule na nguo za kwaya. Kwao wananiita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na kwa kuwa Kijaluo changu ni cha kununulia samaki tu, mimi na mama mkwe tunaongea Kiswahili. Nayaandika haya kwa sababu najua kuna mwanamke mahali fulani leo asubuhi viatu vimekataa kumwingia, na watu wamemzunguka wakimwambia ni kawaida.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi sita, tukiwa Migori. Mama mkwe aliomboleza nami, siwezi kusema hakulia, lakini alikuwa na maelezo yake. Alisema mtoto alitafuta nyumbani akakuta nyumba ya kupanga. Kwa hiyo mimba ya pili ilipotimiza miezi mitano, akatuma neno: safari hii nije nikae Ndhiwa, mtoto azaliwe karibu na boma la baba yake, na kondo la nyuma lizikwe pale yalipozikwa ya watoto wengine wa ukoo. Mimi nilitaka kubaki Migori karibu na hospitali. Ouma akasema, "Mama amezaa saba, anajua."

Hayo maneno nimeyachukia tangu siku ile. Amezaa saba, ndiyo. Hakuna hata mmoja niliyembeba mimi.

Nikapanga mizigo yangu. Cherehani ya mkono, mikasi, futi ya kupimia, daftari la vipimo vya wateja, na kile kitabu cha kliniki wanachompa kila mjamzito. Kule Migori walikuwa wameshanipima presha mara mbili. Nakumbuka vizuri kile kitambaa kilivyonibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi, halafu kikapumua taratibu kama mtu anayeshusha mzigo. Nilipofika Ndhiwa watu walikuwa wanalima, udongo mkavu, wakingoja mvua.

Zahanati iko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwa mama mkwe. Sitaji jina lake, wanaoijua wanaijua. Ina vyumba viwili, benchi moja refu, na sista mmoja anayefanya kazi ya watu watano. Anazalisha, anachanja, anagawa dawa za malaria, anafagia. Nilimpenda siku ya kwanza. Alinichekea, akaniuliza kama sisi Wakuria bado tunagombania ng'ombe, nikamwambia tumeacha, sasa tunagombania waume. Akanipima uzito, akanishika tumbo, akasikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe ya mti ya kutegea sikio tumboni. Halafu akaniuliza, "Unajisikia aje?" Nikasema vizuri. Akachukua biki akaandika kwenye kisanduku cha presha: 110/70.

Mkono wangu haukufungwa kitu.

Nataka mnielewe hapa, maana ndipo ninapojikasirikia mwenyewe. Niliona. Sikuwa kipofu. Lakini mimi ni fundi, na fundi aliyekomaa anakutazama tu ukiingia mlangoni anajua wewe ni kiuno thelathini na nne na mabega yako ni ya kuteremka. Nimeshona gauni la bibi harusi kwa macho, nikaja kupima baadaye nikakuta nimekosea nusu inchi. Najivunia hilo, au nilikuwa najivunia. Basi nikajiambia sista huyu ana miaka yake kazini, ametazama uso wangu, ametazama macho yangu, amejua. Kila kazi ina macho yake. Na nyuma yangu kulikuwa na wanawake kama kumi na wawili juani, na mimi ni mgeni, tena Mkuria. Nani anataka kuitwa yule wa mjini anayejua sana? Nikafunga kitabu nikaenda zangu.

Mwezi uliofuata watu wakipanda mahindi: 110/70. Mwezi uliofuata wakipalilia: 110/70. Mara hii ya tatu nilikaa benchini na msichana mmoja anaitwa Akinyi, mimba ya kwanza, tumbo kama langu. Alikuwa anatafuna odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni kwa wajawazito, akanikatia kipande. Tukacheka kwa sababu wote wawili tulikuwa tumevaa malapa ya waume zetu. Miguu imefura, viatu vyetu haviingii. Akinyi akasema nyanya yake amemwambia ni dalili ya mtoto wa kiume. Mimi nyumbani nilikuwa nimeambiwa ni dalili ya kukaa sana kwenye cherehani.

Nilianza kujipima siku ile nilipovaa malapa ya Ouma. Si kwa sababu ya akili nyingi. Ni mazoea tu. Kitu kikibadilika ukubwa mimi nashika futi. Nikazungusha kwenye kifundo cha mguu: inchi tisa na nusu. Nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la wateja, chini ya vipimo vya mama mmoja wa kwaya. Baada ya siku tatu, kumi. Baada ya wiki, kumi na robo. Niliandika kila asubuhi kabla ya chai. Mvua ilikuwa imeshika sasa, mahindi yamefika magotini, na kifundo changu kikafika inchi kumi na moja. Pete ya ndoa nikaitoa kwa sabuni.

Nilimwonyesha mama mkwe uso wangu asubuhi moja. Nilikuwa nimeamka kope zimevimba, naona kwa mwanya.

"Umelala vibaya," akasema.

"Mama, kichwa inaniuma siku ya nne leo."

"Ni jua. Unashona nje bila kitambaa kichwani. Na hiyo chumvi unaweka kwa omena, hapana. Kunywa uji upumzike. Si ulienda kliniki? Walisema nini?"

"Walisema presha iko sawa."

"Haya basi."

Unaona? Ndicho kitu kinachonichemsha damu. Mama mkwe hakuwa mjinga. Aliuliza swali la maana, kwamba kliniki wamesema nini, na jibu alilopewa lilikuwa la uongo, limeandikwa kwa wino, na mimi ndiye niliyembebea. Nikampigia Ouma simu. Akasema hivyo hivyo: kama kliniki wamesema sawa, basi ni uchovu. Hata mimi nilijituliza kwa kitabu hicho hicho. Kichwa kinagonga, nafungua kitabu, naangalia, 110/70, nafunga. Kitabu ndicho kilichonilaza.

Siku iliyofuata nilikaa kushona kola ya sare. Nikachukua uzi nitie kwenye sindano. Nikaona sindano mbili. Nikapangusa macho, nikajaribu tena, sindano mbili, na pembeni yake vitu vinametameta kama cheche za fundi wa kuchomelea vyuma. Nimetia uzi kwenye sindano tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Naweza kutia nikiwa nimefumba macho. Nikaanza kuogopa. Halafu maumivu yakaja hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu, kama mtu amenipigilia goti.

Sikupiga kelele. Nilichukua futi nikaenda nayo jikoni, mama mkwe akichambua mboga. Nikapiga magoti mbele yake, akashtuka, akadhani naomba radhi ya jambo. Nikazungusha futi kwenye mguu wake. Mama mkwe hajui kusoma maneno, lakini ameuza vitambaa sokoni, na futi anaisoma kuliko watu wa shule.

"Ngapi hapo, Mama?"

"Nane na nusu. Unanipimia nini, suruali?"

Nikakaa chini, nikazungusha kwangu. "Na hapa?"

Aliinama. Akashika futi mwenyewe, akaivuta akidhani imelegea, akasoma tena. Ilikuwa kumi na mbili na nusu. Alipoitoa, kidole chake kiliacha shimo kwenye nyama ya mguu wangu, na lile shimo likabaki pale likitutazama.

"Mayoo," akasema. Akamwaga mboga chini pamoja na ungo wake. "Inuka. Twende Homa Bay."

Alikodi gari la jirani anayepeleka miwa, akakaa nyuma nami, akanishika kichwa safari nzima kama nazi iliyopasuka. Mvua ilikuwa inanyesha. Hakusema neno isipokuwa kila mara dereva akipiga shimo alimtukana kwa Kijaluo.

Hospitalini kulikuwa na foleni, na watu wa foleni mnaijua. Benchi limejaa, ukuta umejaa, kina mama wameshika vitabu vyao vifuani kama hati za shamba. Tukaambiwa tungoje. Mama mkwe akapaza sauti, mlinzi akamwambia hata hawa wengine ni wagonjwa. Tukangoja. Sijui ni muda gani. Najua mtu aliyeniokoa hakuwa daktari. Alikuwa mama wa usafi, na ndoo yake na fagio la kupigia deki. Alifika kwenye miguu yangu akaniomba niinue, mimi nikashindwa, akaniangalia usoni. Akaegemeza fagio ukutani. "Huyu hangoji," akasema, akanishika mkono kunipitisha mbele ya watu wote, na hakuna aliyefungua mdomo. Sijawahi kumjua jina. Kama kuna mtu wa kushukuriwa, nianzie hapo.

Kitambaa kikafungwa mkononi. Kikabana. Nilikuwa nimesahau jinsi kinavyobana, na hapo ndipo nikajua, kabla hata mashine haijalia, kwamba tangu nitoke Migori hakuna mtu amenipima. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi mwenye miwani, alisoma namba akaisoma tena. Akapima mkono wa pili.

"Mia na themanini na mbili juu ya mia na ishirini," akamwambia mwenzake. Kisha akachukua kitabu changu, akafunua, akakunja uso. "Wiki tatu zilizopita ulikuwa mia na kumi juu ya sabini? Mara tatu mfululizo? Hii imeanza lini?"

Ulimi ulikuwa mzito. Nikamwonyesha mama mkwe mkoba, akatoa daftari. Daktari akafungua akakutana na kiuno cha Mama Atieno na urefu wa mikono ya kwaya nzima. "Hii ni nini?"

"Nyuma," nikasema. "Ukurasa wa nyuma. Ni mguu yangu."

Alisoma safu ile yote, tisa na nusu mpaka kumi na mbili na nusu, siku kwa siku. Halafu akanakili yote kwenye faili langu kwa mkono wake. "Umekuwa mgonjwa zaidi ya mwezi mzima," akasema. "Asante kwa kuandika." Daftari la fundi wa Migori ndilo lililosema ukweli, na kitabu cha serikali kilikuwa kimelala.

Kuanzia hapo saa yangu ikawa sindano. Ya kwanza ilipitia mshipani taratibu, ikaniwasha moto mwilini kuanzia kifuani mpaka utosini. Nikadhani wameniwekea pilipili. Sista akaniambia, "Ni ya kuzuia degedege, mama, vumilia." Kisha mbili zaidi, tako hili na tako hili. Halafu kila baada ya saa nne moja, kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto. Sitawadanganya: inauma. Inauma kuliko uchungu wenyewe. Lakini kabla ya kila sindano walinigonga goti kwa nyundo ndogo kuona kama mguu unaruka, wakahesabu ninavyopumua, wakaangalia mkojo kwenye mfuko umefika wapi. Kila mara. Hakuna aliyenitazama uso akakisia. Nililia mara ya tatu walipohesabu pumzi zangu, na si kwa maumivu.

Presha waliishusha kidogo kidogo. Mama mkwe alitaka ishuke siku hiyo hiyo, akamwuliza daktari mbona wanachelewa. Daktari akamwambia wakiiangusha kwa ghafla mtoto atakosa damu tumboni. Na dawa yenyewe ya huu ugonjwa, akasema, ni mtoto kutoka. Lakini wiki zake zilikuwa hazijatimia, kwa hiyo watanipa sindano nyingine za pajani, siku mbili, zimkomaze mapafu. Baada ya hapo wataanzisha uchungu, na hali yangu ikichafuka kabla hawatangoja. Siku mbili. Nikazishika hizo siku mbili kama kamba ya kisima.

Ouma alifika kutoka Migori na mikono bado ina grisi. Akasimama miguuni pa kitanda. "Robi."

Nikageukia ukuta. Nilikuwa na mtoto wa kuzuia asife, sikuwa na nafasi ya mtu anayesema mama yake amezaa saba.

Ni siku hiyo walipomleta Akinyi. Yule wa odowa. Sikumtambua, uso ulikuwa umefura macho hayaonekani, na ulimi ameuuma. Alikuwa ameanguka nyumbani kwa degedege, dada yake akamkuta sakafuni. Walimtoa mtoto kwa upasuaji. Mtoto alikuwa ameshakufa.

Kitanda chake kilikuwa kando ya changu. Alizinduka kesho yake mchana, hakumbuki kitu. Hakukumbuka kuanguka, hakukumbuka gari. Alishika tumbo lake, akashika tena, akaniangalia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikamwita dada yake. Yeye ndiye aliyemwambia, kwa Kijaluo, na hiyo lugha sihitaji kuijua kuelewa kilio kile.

Baadaye aliniomba nimsomee kitabu chake, macho yake bado hayaoni vizuri. Alitaka kujua kama kuna mahali walimwandikia kwamba ni mgonjwa na yeye hakuelewa. Ndivyo tulivyofundishwa, kujitafutia kosa. Nikafungua. Jina la zahanati ni lile lile. Kisanduku cha kwanza, 110/70. Cha pili, 110/70. Cha tatu, siku ile ile tuliyokaa benchi moja, 110/70.

Nikachukua changu, nikaviweka kifuani pake viwili vimefunuliwa.

"Hata yako?" akasema.

"Hata yangu."

"Si mimi ni mnene na wewe ni mwembamba?"

Swali hilo lilinichoma. Fundi ni mimi. Nimepima maelfu ya watu, sijawahi kupata wawili sawa, hata pacha. Mwanafunzi wangu akiniletea daftari lenye wateja wote kiuno thelathini nitamfukuza kazini kabla hajaketi. Na mimi nilibeba namba ile ile mara tatu nikaiamini kwa sababu ilikuwa nzuri.

Wanangu mtakaosoma hapa, hasira ilinipandisha presha. Kweli kabisa. Mashine ikalia, sista akaja mbio, akanigombeza niache kuongea, wakanizimia taa, wakafunga pazia. Nikalala gizani mchana kweupe, nimemshika Akinyi kidole kupitia nafasi ya vitanda, mvua inapiga mabati, nikamwomba Mungu asiniue nikiwa na hasira namna hii, angalau aningoje niiseme.

Siku mbili zilitimia. Wakaanzisha uchungu asubuhi, na saa tisa alasiri, mvua bado, mtoto akatoka. Msichana. Hakulia mara moja. Nilihesabu mwenyewe: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akalia kama paka mdogo. Kilo moja na gramu mia tisa. Wakamwita Akoth, aliyezaliwa mvuani, na mimi nikamwongezea Boke, jina la mama yangu, na safari hiyo hakuna aliyenibishia.

Nilidhani mtoto akitoka basi, yamekwisha. Wajawazito wenzangu, hayaishi. Sindano za moto ziliendelea siku nzima baada ya kuzaa, kushoto, kulia. Presha ilikataa kushuka. Vidonge vyangu nilivinywa mpaka baada ya mavuno. Mkojo ulitoka mwingi mpaka nikadhani nayeyuka, na baada ya wiki moja nikavua malapa ya Ouma nikaona tena mifupa ya miguu yangu, nikaisalimia.

Akoth hakuwa na nguvu ya kukaa peke yake, akapaswa kufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa na usiku kucha. Mimi nilikuwa bado nina kizunguzungu. Mama mkwe akavua blauzi yake wodini mbele ya watu wote, mwanamke wa kanisa yule, akasema, "Mleteni." Akamfunga kwenye matiti yake yaliyokauka, akakaa naye kutwa, akimwimbia. Siku ya tatu akaniambia bila kuniangalia, "Ni mimi nilikutoa Migori."

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa na hospitali mlangoni."

"Ndiyo."

Sikumwambia si kitu. Kilikuwa kitu. Lakini nikamsogezea uji wangu, akanywa. Kondo la nyuma alikwenda kulizika mwenyewe Ndhiwa, akarudi na tope miguuni, akaingia tena kwenye zamu ya kumbeba mtoto. Ouma naye alikuwa anafua nepi kwenye bomba la nje, wanaume wengine wakimcheka. Aliniomba msamaha siku ya kumi. Nikamwambia bado. Mpaka leo tunaishi vizuri, na akianza sentensi kwa "Mama amesema," anaimeza mwenyewe.

Akinyi aliondoka kabla yetu. Alimbeba Akoth kidogo, akamnusa kichwani, akamrudisha.

Sasa nisikilize wewe wa malapa. Kitambaa kisipofungwa mkononi mwako, hujapimwa. Usijali umeandikiwa nini. Usijali sista ni mwema na foleni ni ndefu na watasema unajifanya. Waache waseme. Kichwa kisichopoa, macho yenye cheche, uso uliovimba asubuhi, maumivu chini ya mbavu: hayo si jua wala chumvi wala mtoto wa kiume. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema tufanye nini maradhi yakifichwa na anayepaswa kuyatafuta.

Nilirudi kwenye ile zahanati wakati wa mahindi mabichi, kumpeleka Akoth chanjo. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu njia nzima, mama mkwe nyuma yangu na mtoto mgongoni. Sista aliponiona alifurahi. "Nyar Kuria! Umejifungua! Tumshukuru Mungu!"

Nikaweka mkono wangu mezani, nimepandisha mkono wa blauzi mpaka begani. "Nipime presha."

Tabasamu likaisha. Akavuta droo, akatoa mashine, akaiweka mbele yangu. Kitambaa kimepasuka, mpira umekatika, vumbi. "Iliharibika mwaka jana," akasema polepole. "Nimeandika barua mbili. Hakuna aliyejibu."

"Na mia na kumi juu ya sabini umeitoa wapi?"

"Wakubwa wakija kukagua wanafungua vitabu. Wakikuta kisanduku kiko wazi wananigombeza mbele ya wagonjwa, eti sifanyi kazi. Ningefanya nini? Wewe si umepona? Mtoto si huyo?"

"Muulize Akinyi wa kwake yuko wapi."

Alikuwa hajui. Niliona kwamba alikuwa hajui. Nikamweleza, degedege, sakafu, kila kitu, na benchi zima nje likisikiliza. Sista alikaa. Nilikuwa nimekuja kumpasua, na nilikuwa na maneno ya kumpasua, lakini yaliyotoka ni haya tu: "Ungeacha wazi, Sista. Kisanduku kikiwa wazi ningeuliza. Akinyi angeuliza. Mama huyu asiyejua kusoma angeuliza. Wewe ulitujazia."

Nami sikumsamehe, na wakubwa wake nawasamehe chini ya hapo, yaani chini ya sifuri.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa msichana wa shule juzi juzi tu, tumbo la miezi saba, akaweka kitabu mezani akitutazama kwa zamu. Sista akampima uzito. Akasikiliza moyo wa mtoto. Akamwuliza anajisikia aje, msichana akasema vizuri. Sista akachukua biki, mkono ukaenda kwenye kisanduku kwa mazoea, ukasimama. Ukakaa hapo juu ya karatasi muda mrefu. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa: HAIJAPIMWA.

Msichana akageuza kitabu akasoma. "Sista, hii ni nini? Kwani presha yangu ni ngapi?"

"Sijui," sista akasema.

"Nani anajua?"

"Hapa, hakuna."

Msichana alinitazama mimi, akamtazama Akoth. Akaangalia miguu yake mwenyewe, na mimi nikaiangalia pia, malapa makubwa, ya mwanaume. Akakunja kitabu chake, akafunga leso kiunoni, akauliza pikipiki ya kwenda hospitali, Ndhiwa mjini, inapatikana wapi.